Beki wa Klabu Tisa

Ijumaa, tarehe 8 Februari 2013. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeushukia mji wa Doha kama blanketi lililoloa, na baridi ilikuwa ya kumfanya mtu avae soksi mbili. Ukisimama kwenye goli moja la uwanja wa changarawe wa Abu Hamour, goli la pili hulioni. Kiprop, kipa wa timu ya mabawabu, alikuwa katikati ya milingoti yake, macho ameyafumba, mikono imo ndani ya glavu, anaomba.

Hakuomba jinsi mama yake alivyomfundisha kule Kapsabet.

"Bwana," alinong'ona, "unaujua moyo wangu. Sikuombi umvunje mguu. Mguu ni kazi ya mikono yako mwenyewe. Nakuomba tu ateleze. Mara moja. Na iwe mahali ambapo Jebet anaona. Amina."

Aliyeombewa kuteleza alikuwa amesimama hatua kumi na mbili mbele yake, amempa mgongo, anavuta ukungu puani kama mtu aliyepita karibu na chapati za moto. Aliitwa Omondi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, bendeji kwenye goti la kushoto, na kipara kilichoanza kuchungulia utosini. Kati ya wanaume ishirini na wawili waliokuwa wakitetemeka uwanjani, ni yeye peke yake aliyekuwa akitabasamu.

"Shemeji," aliita bila kugeuka, "hii ndiyo hali ya hewa ya binadamu."

"Usiniite shemeji," Kiprop alijibu. "Bado."

Mambo yalikuwa yameanza hivi. Kiprop alikuwa bawabu wa jengo la ofisi pale Al Sadd, jengo lenye ghorofa kumi na nne na lango moja. Kwenye lango hilo alikuwa amekaa miaka saba bila kuhamishwa, na katika miaka saba hiyo hakuna mwizi aliyewahi hata kulijaribu. Kila mwisho wa zamu aliandika katika daftari la matukio neno moja tu: "Shwari." Kwa kazi hiyo msimamizi wake alimpa kalenda. Bawabu wa jengo jirani, ambaye siku moja alisinzia, mwizi akaingia, naye akazinduka na kumkimbiza hadi kwenye mzunguko wa magari huku akipiga kelele, alipewa cheti chenye fremu na akapigwa picha. Kiprop alikuwa amelilalamikia jambo hilo kwa Mungu na kwa watu, na hakuna aliyemjibu.

Jebet, dada yake, alikuwa muuguzi katika zahanati isiyo mbali na lango hilo. Baba yao alikuwa ameshafariki, na mama yao alikuwa amesema kwenye simu, mara moja na kwa wote: "Kiprop ndiye aliye huko. Neno lake juu ya Jebet ni neno langu." Kwa hiyo Kiprop alimlinda dada yake kama alivyolilinda jengo, na kwa miaka mitatu daftari lilisoma shwari.

Kisha akaja Omondi, mtu wa Kisumu. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya watoto, na siku ya kwanza aliingia zahanatini akiwa amembeba mtoto aliyeteguka kifundo cha mkono. Siku ya pili alikuja bila mtoto.

Alipofika kwenye ushirika wa Wakenya, ambao kama Wakristo wote wa Doha waliabudu Ijumaa, alisimama wakati wa ushuhuda na kusema kwamba alicheza mpira wa kulipwa Uingereza kwa miaka kumi na mmoja, nafasi ya beki wa kati, na Mungu amemrudisha na miguu yote miwili ingawa mmoja unanung'unika. Kanisa zima likageuza shingo. Vijana wa nyuma wakauliza, timu gani? Omondi akataja timu. Kimya. Akataja ya pili. Kimya zaidi. Alizitaja zote tisa, na ilikuwa kama mtu anayesoma vituo vya basi vya nchi ambayo haipo. Alipofika ya sita, Mama Milka, mwenyekiti wa kina mama, alikohoa kwa maana.

"Na kwenye TV uliwahi kuonekana, ndugu?" kijana mmoja aliuliza.

"Mara moja," Omondi alisema. "Nilikuwa kwenye machela."

Wengine waliondoka wakisema ni mwongo. Mama Milka alikataa. "Mwongo angechagua timu nzuri," alisema. "Nani anadanganya kwamba alikaa benchi?"

Kiprop hakubishana na mtu. Alifanya kama anavyofanya kwa kila mgeni anayefika langoni: alikagua. Alitafuta jina la Omondi kwenye simu, akalipata, akaenda duka la kuchapisha akatoa kurasa mbili, akazikunja na kuziweka ndani ya Biblia. Ijumaa iliyofuata, baada ya ibada, wakiwa wamesimama na vikombe vya chai kwenye maegesho ya magari, alizitoa.

"Klabu tisa," alisoma. "Miaka kumi na mmoja. Mechi mia mbili na kumi na saba. Mabao mawili."

"Matatu," Omondi alisema. "Lakini moja niliwafungia wapinzani."

"Na hapa imeandikwa, kwa mkopo. Na hapa tena, kwa mkopo. Watu walikuwa wanakuazima kama jembe?"

"Jembe hurudishwa na shukrani, shemeji. Mimi nilirudishwa na basi la saa tano."

"Usiniite shemeji." Kiprop alikunja karatasi. "Sasa nisikilize. Mimi nimekaa lango moja miaka saba. Wewe hujawahi kukaa popote zaidi ya miwili. Leo unataka nimpigie mama simu, nimwambie Jebet amepata mtu. Baada ya miaka miwili atakuwa wapi huyo mtu? Atakuwa ameenda kwa nani kwa mkopo?"

Mama Milka alitema chai. Jebet hakucheka. Naye Omondi, ambaye siku zote alikuwa na jibu la kila kitu, safari hii alitazama ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu humo.

Hilo Kiprop aliliona, na lilimpa nguvu. Ndipo akatoa mtihani wake. Kila baada ya miezi miwili timu ya mabawabu ilicheza na timu ya wafanyakazi wa hoteli, na kila mara walipigwa. Aliyewapiga alikuwa Mganda mmoja, Harun, dereva wa hoteli, mtoto wa Masaka, mpole wa maneno na mkali wa miguu. Katika miaka mitatu alikuwa amemfunga Kiprop mabao kumi na manne, na kila baada ya bao alimwomba radhi.

"Utacheza beki kwetu," Kiprop alisema. "Utamkaba Harun. Asipofunga, nitatamka mwenyewe mbele ya watu wote na nitampigia mama simu papo hapo. Akifunga, hata moja, maneno ya Kapsabet yameisha. Khalas."

"Yaani ndoa yangu umeiweka golini?" Jebet aliuliza.

"Ni mtihani tu."

"Na kipa ni wewe."

"Kipa ni mimi."

Jebet alimtazama kaka yake kwa muda, kama anayepima joto la mgonjwa. "Naona," alisema.

*

Refa alikuwa Fabian, fundi wa umeme, ambaye pande zote mbili zilimwamini kwa kuwa hakuna upande uliompenda. Alipuliza filimbi saa kumi na mbili na nusu, ili mchezo uishe Wakristo wawahi ibada ya saa nne na Waislamu wapate muda wa kuoga kabla ya sala ya Ijumaa. Kina mama walikaa pembeni na thamosi, na Jebet alikaa juu ya sanduku lake la huduma ya kwanza.

Katika Wakalenjin wote aliowajua Kiprop, asiyeweza kukimbia alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe, na ndiyo sababu aliwekwa golini. Lakini macho alikuwa nayo. Aliyakaza kwa Omondi na kuanza kuandika kichwani, kama anavyoandika zamuni. Dakika ya tatu: anatembea. Dakika ya tano: amefunga kamba ya kiatu. Dakika ya saba: anamwonyesha beki wa kushoto kitu kwa kidole, labda ndege. Dakika ya tisa: anazungumza na Harun. Dakika ya kumi na moja: bado anazungumza na Harun.

Ukungu ulipopungua kidogo, Kiprop alianza kusikia maneno, pamoja na lile la Kiganda, "ssebo," yaani bwana.

"Habari za Masaka, ssebo?"

"Nzuri, ssebo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na wale ndugu?"

Sasa, Harun alilelewa. Katika nyumba aliyokulia, mtu mzima akikusalimu humkati katikati. Unajibu, unamrudishia, naye anakurudishia, mpaka salamu ziishe zenyewe. Kwa hiyo alisema, "Ndugu hawajambo, nanyi huko kwenu?" na alipokuwa akisema hivyo mpira ulimpita mbele ya pua ukatoka nje.

Harun alikunja uso. Mpira uliofuata alianza kuukimbilia mapema. Omondi alikuwa tayari amesimama pale utakapoangukia, anajikuna shingo.

"Mvua zimenyesha huko?" aliuliza.

Dakika ya arobaini na tano Harun alimwendea Fabian, mikono ameinua. "Refa! Huyu mtu ananisalimia!"

"Kusalimia si kosa," Fabian alisema.

"Ananisalimia mpira ukija!"

"Basi usimjibu."

"Nisimjibu vipi? Anauliza habari za mama yangu!"

Fabian alifikiri, akatazama mbinguni, akapuliza mapumziko.

Mama Milka alimimina chai. Kiprop alifika pembeni akiwa na furaha ambayo hakuificha. "Mmeona?" alimwambia Jebet. "Hajafanya kitu. Anatembea kama mzee anayetafuta miwani. Nimehesabu, amegusa mpira mara tatu. Mara tatu! Ndiyo maana walikuwa wanamfukuza kila mahali."

"Na wewe umegusa mara ngapi?" Mama Milka aliuliza, akimpa andazi.

"Mimi? Mara mbili."

"Na siku nyingine, ikifika mapumziko, huwa umekimbilia mipira mingapi kule barabarani, upande wa soko la mboga?"

Magoli yao hayakuwa na nyavu. Kila bao lilimaanisha safari ya kipa. Kiprop aliangalia viatu vyake. Vilikuwa visafi. Alitia andazi lote mdomoni ili asilazimike kujibu.

*

Kipindi cha pili ukungu uliondoka na jua likatoka, na Kiprop akaona kila kitu, na hakukipenda alichokiona.

Aliona kwamba Omondi hakuwa anamwonyesha beki wa kushoto ndege. Alikuwa anamsogeza hatua mbili, na hatua mbili hizo zilifunga njia ambayo Harun alikuwa ameipitia kwa miaka mitatu. Aliona kwamba kila Harun alipotaka kugeuka kulia, palikuwa na bega pale, bega lisilosukuma wala kupiga, limesimama tu kama mlango uliofungwa kwa adabu. Aliona Omondi akimshika Harun ncha ya jezi kwa vidole viwili kila Fabian alipogeuka, na kuiachia sekunde moja kabla Fabian hajageuka tena. Aliona akimwambia Harun, kwa huruma kabisa, kwamba kamba yake ya kiatu imefunguka, Harun akainama, haikuwa imefunguka.

"Banange!" Harun alilia. "Huyu mtu ana mashetani!"

"Nina goti tu, ssebo. Watoto wanaendelea vizuri na shule?"

Dakika ya sitini. Ya sabini. Hakuna kilichotokea. Kiprop alisimama golini, mikono imekauka ndani ya glavu, na neno moja likaanza kumjia kichwani bila kuitwa. Shwari. Alilifukuza. Likarudi. Alikumbuka kalenda aliyopewa, na cheti cha jirani chenye fremu, na jinsi alivyomwambia msimamizi wake kwa uchungu: bosi, zamu nzuri ni ile ambayo huna cha kuandika. Msimamizi alikuwa amecheka. Kiprop aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitembea uwanjani, yamevaa bendeji gotini.

Mtu akijua ukweli ana njia mbili: aukubali au aukatae. Kiprop, Mungu amsamehe, alichukua ya pili.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Mpira mrefu ulipigwa kutoka upande wa hoteli, ukapanda, ukaanza kushuka kati ya Omondi na goli. Harun alikuwa anakuja mbio. Omondi alikuwa chini ya mpira, ametulia, tayari kuupiga kichwa urudi ulikotoka.

"Yangu!" Kiprop alipiga kelele. "Acha! Yangu!"

Kipa akiita, beki huacha. Ni sheria ya kazi hiyo Abu Hamour na popote pale duniani. Omondi aliacha. Na Kiprop hakusogea. Miguu yake, ile ambayo siku zote ilishindwa kukimbia bila makosa yake, safari hii ilikataa kwa sababu aliikataza. Baadaye angependa kusema ni shetani aliyeita, lakini sauti aliijua. Ilikuwa yake.

Harun hakuamini macho yake. Aliufikia mpira, akamtazama kipa aliyesimama kama nguzo ya stima, akauinua taratibu kwa ndani ya mguu, juu ya kichwa cha Kiprop, kuelekea goli tupu.

Kiprop aligeuka kuutazama ukiingia.

Goli halikuwa tupu. Omondi alikuwa pale, juu ya mstari, akihema. Alianza kukimbia kurudi nyuma mara tu aliposikia "yangu," kwa goti bovu na lile zima, na mpira ukampiga usoni, puani hasa, ukaruka juu ya mwamba wa goli na kuelekea soko la mboga. Omondi alianguka chali.

Fabian alitazama saa, akatazama mpira uliokuwa ukipotea barabarani, akaona uvivu wa kuusubiri. Alipuliza kumaliza. Bila kwa bila. Mabawabu walirukaruka kama waliochukua kombe, kwa maana katika miaka mitatu hawakuwahi kutoka uwanjani bila kufungwa.

Kisha wakamgeukia kipa.

"Kiprop! Umeita yako halafu umesimama tu!"

"Ulikuwa unasubiri basi?"

"Ni kosa langu," Omondi alisema kutoka chini, damu inamtoka puani. "Sikumsikia vizuri. Ukungu."

"Ukungu gani? Jua hilo!"

"Basi ni uzee. Nisaidieni niketi."

Jebet alikuja na sanduku, akamwinua kichwa, akamjaza pamba puani bila upole mwingi, akaenda kuchukua maji. Kiprop akabaki amechuchumaa kando yake, glavu mkononi.

"Klabu ya sita," Omondi alisema polepole kupitia pamba. "Kulikuwa na kipa aliyenichukia kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari. Siku moja aliita 'yangu' kwa sauti hiyohiyo."

"Ulijua?"

"Kipa anayeutaka mpira huita akiwa tayari anakimbia. Wewe uliita ukiwa umesimama."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Mtu hamshtaki kipa wake, Kiprop. Mtakuwa naye tena Ijumaa ijayo."

Kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji, na Kiprop aliona kwamba pengo la neno hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Niambie ukweli," alisema. "Klabu tisa. Kwa nini?"

Omondi alifuta mdomo. "Anakuja kocha mpya na beki wake. Timu inashuka daraja. Unaitwa ofisini, unapewa chai. Ukiona chai imekuja na biskuti, ujue unaondoka. Klabu zote tisa, sijawahi kuomba kuondoka. Hata moja. Ile ya tano, walipoachana nami, kesho yake nilikwenda mazoezini kama kawaida. Keshokutwa nikaenda tena. Kocha alinikuta navaa viatu, akashindwa aseme nini."

"Nani alikufungulia?"

"Bawabu wa langoni. Mzee mmoja. Alisema hana barua yoyote, na katika daftari lake jina langu bado lipo."

Kiprop aliliona lango hilo, katika mji ambao jina lake hakuwahi kulisikia, na mzee mwenye daftari lake, na kijana wa Kisumu na mfuko wa viatu akisubiri kwenye baridi. Yeye mwenyewe angefungua.

Alisimama. Alipiga makofi, na kwa kuwa sauti ya kipa ni kubwa, watu wa timu zote mbili walisogea. Alitoa simu, akabonyeza namba ya Kapsabet, akaweka spika.

"Mama, hujambo? Shikilia hapo usikie. Kuna watu wengi."

"Wanafanya nini watu wengi asubuhi hii?" simu iliuliza.

"Ndugu zangu," Kiprop alisema, na shingo yake ilikuwa ya moto, "mpira ule wa mwisho niliita yangu. Haikuwa yangu. Sikutaka kuudaka. Nilitaka Harun afunge ili huyu ashindwe, na asubuhi nilimwomba Mungu amtelezeshe. Namwomba Mungu msamaha, nawaomba nyinyi, namwomba na yeye."

"Nilijua!" Mama Milka alisema kutoka penye thamosi.

"Ngoja," Harun alisema, mkono kifuani. "Ngoja kwanza. Yaani nilipewa bao bure, kipa ameniruhusu, goli liko wazi, na bado sikufunga?"

"Pole, ssebo," Omondi alisema.

"Usinisalimie!"

Watu walicheka hadi Fabian akacheka, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kiprop alisubiri. Kisha akasema kwamba alitoa neno, na neno lake ni la mama yake, na kwamba kazi ya huyu mtu anaielewa sasa kwa sababu ni kazi yake yeye mwenyewe: kusimama mahali ili kitu kisitokee, bila mtu yeyote kukushukuru. Kwa upande wake, lango liko wazi.

"Anakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni?" simu iliuliza kwa ukali.

"Nitakunywa, Mama," Omondi alisema.

"Wa mwaka jana pia?"

Omondi alisita. "Pia huo, Mama."

"Mimi hakuna anayeniuliza?" Jebet alisema. Alikuwa amerudi na chupa ya maji, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini kila mtu aligeuka. "Mmenichezea mpira, mmenipigia filimbi, mmenifungulia lango. Mimi nina neno langu moja. Omondi, lile swali la Kiprop pale kwenye chai, hukulijibu."

"Sikulijibu," Omondi alikubali.

"Lijibu sasa. Kwa sauti. Nataka hawa wote wasikie, na mama asikie, ili siku ukisahau niwe na mashahidi ishirini na mmoja, refa, na kina mama."

Omondi aliinuka. Ilimchukua muda kwa sababu ya goti, na Kiprop alimshika kwapa akamsaidia. "Simama vizuri, shemeji," alimwambia chinichini, na neno likatoka kabla hajalikagua.

Omondi alichomoa pamba puani, akaiweka mfukoni, akapandisha soksi zake mbili kama mtu anayesubiri wimbo wa taifa.

"Mimi, Omondi," alisema, "mbele za Mungu, na mbele ya mama aliye Kapsabet, na mbele ya mabawabu wote, na Harun ambaye sijamaliza kumsalimia, namwahidi Jebet hivi. Sitaomba kuondoka. Na siku ukiniita, nikute umeniwekea chai, na pembeni ya chai nikaona biskuti, nitakunywa chai yako, nitakula biskuti zako, kisha nitapeleka vikombe jikoni, nitavaa aproni, nami nitabaki hapohapo ninaviosha."